Picha Ambayo Steringi Hatokei Mwishoni

Mpenzi msomaji, wewe mpenda picha mwenzangu, unaijua ile sheria ya kwanza kabisa. Steringi hafi! Atapigwa risasi ya bega, atatupwa mtoni, atafungwa kamba kwenye reli, lakini dakika za mwisho lazima atokee, shati limechanika, damu kidogo mdomoni, na mrembo wake anamkimbilia. Sisi na kaka zetu tumelelewa hivyo kwenye mabanda ya video. Steringi asipotokea, watu wanadai hela yao mlangoni.

Sasa wiki hii nakuletea picha inayovunja sheria hiyo mchana kweupe. Masteringi wako wawili, mwanamume na mwanamke, wazuri kupita kiasi. Wanapeana miadi ya saa mbili usiku, pale pale mahali pao pa kila siku. Kamera inatangulia kufika. Inasubiri. Na wewe kwenye kochi lako unasubiri. Basi bwana, hatokei mtu! Zinapita dakika saba hivi, inawaka taa ya barabarani, yanakuja maandishi ya mwisho, kwisha kazi.

Picha yenyewe inaitwa L'Eclisse, maana yake kupatwa kwa jua. Ni ya Italia, ya mwaka 1962, haina rangi, na ina urefu wa saa mbili na dakika sita hivi. Nimeiangalia nyumbani sebuleni, Jumamosi jioni, mbele ya familia nzima. Najua utasema huyu naye kaanza kujifanya mzungu. Subiri kwanza. Kuna mtu pale sebuleni ambaye picha hiyo ilimpa jibu alilokuwa analitafuta kwa miaka mingi, na mtu huyo hajawahi kukanyaga ukumbi wa sinema hata siku moja.

BWANA POLEPOLE

Aliyeitengeneza ni Michelangelo Antonioni, mzaliwa wa mji wa Ferrara, kaskazini mwa Italia, mwaka 1912. Huyu mzee alikuwa hana haraka na mtu. Wenzake wakimwonyesha mtu anatoka mlangoni, wanakata, unamwona tayari yuko barabarani. Yeye mtu akitoka, kamera inabaki chumbani inaangalia mlango.

Mwaka 1960 alipeleka picha yake ya L'Avventura kwenye tamasha la Cannes, kule Ufaransa. Ndani yake dada mmoja anapotea kisiwani. Wenzake wanamtafuta, wanamtafuta, halafu taratibu wanaacha kumtafuta, na mtazamaji haambiwi kamwe dada wa watu alikwenda wapi. Ukumbi ulizomea! Watu wenye suti zao na magauni ya bei mbaya walizomea kama wako jukwaani kwenye mpira. Cha ajabu, tamasha hilo hilo likampa tuzo ya majaji.

Je, alijirekebisha akaongeza spidi? Wapi! Mwaka 1961 akatoa La Notte, na mwaka 1962 akatoa hii L'Eclisse, ambayo nayo ilipata tuzo maalumu ya majaji pale pale Cannes. Wajuzi wa sinema huzihesabu hizo tatu kama ndugu wa tumbo moja.

Steringi wa kike ni Monica Vitti, anayecheza kama Vittoria, msichana anayefanya kazi ya kutafsiri maandishi. Steringi wa kiume ni Alain Delon, Mfaransa aliyekuwa anawatoa roho akina dada dunia nzima enzi zake. Yeye anacheza kama Piero, kijana wa soko la hisa, mjanja, mwenye gari lake la Alfa Romeo. Wote sasa hawapo duniani. Antonioni alifariki tarehe 30 Julai 2007 akiwa na miaka 94, siku moja na Ingmar Bergman wa Sweden, mwenzake wa picha za taratibu. Vitti alifariki Februari 2022, na Delon Agosti 2024. Lakini kwenye picha wamebaki vijana vile vile, na ndiyo raha ya sinema.

"KAKA, IMEGANDA?"

Tulikuwa watano. Shangazi yangu, ambaye ni fundi cherehani, alikuwa anafuma mkeka wa sikukuu mapajani. Binamu zangu wawili, wa kiume yuko chuo na wa kike yuko kidato cha tatu. Jirani yetu mmoja alikuja kuchaji simu, akanogewa na kiti. Na mimi, niliyechomeka flashi na kushika rimoti. Kwa kuwa watu wanaongea Kitaliano na maandishi ya chini yako kwa Kiingereza, nilijipa kazi ya kutafsiri kwa sauti, kama ma-DJ wa mabanda ya video. Nilikoroga sauti kabisa, "Naam, mambo ndiyo yanaanza..."

Mambo hayakuanza. Kuna chumba, alfajiri. Kuna taa ya mezani bado inawaka. Kuna mwanamume amekaa kwenye kiti kama sanamu. Kuna Vittoria anazunguka chumbani, anagusa kitu hiki, anasogeza kile. Kuna feni ndogo mezani inazunguka. Hakuna anayesema neno. Nusu dakika. Dakika nzima. DJ mzima sina cha kutafsiri.

"Kaka, imeganda?" aliuliza binamu wa kidato cha tatu.

"Haijaganda. Angalia feni."

Akaiangalia feni. Kweli, ilikuwa inazunguka. Binamu wa chuo akasema flashi ina virusi. Jirani akasema labda huyo mwanamume amekufa, polisi wako njiani. Vicheko. Nikaona hapa nitanyang'anywa rimoti sasa hivi, wawekewe series yao ya Kikorea.

Ndipo shangazi, bila hata kuinua uso kwenye ufumaji wake, akasema, "Hawa wameshaachana. Hapo wamekesha. Wanasubiri tu kukuche."

Na ndivyo ilivyokuwa! Wale ni wapenzi, usiku kucha walikuwa wanazungumza mambo ya kuachana, na maneno yamewaishia. Sisi wengine tulikuwa tunasubiri tuambiwe. Shangazi alitazama tu watu walivyokaa.

Baadaye kidogo mwanamume, anaitwa Riccardo, anauliza swali ambalo kila aliyeachwa analiuliza. Lini uliacha kunipenda? Vittoria anamjibu kwamba hajui. Mwanamume hakubali, anataka sababu, lazima iwepo sababu. Dada wa watu hana.

Shangazi akaweka sindano chini. "Rudisha hapo."

Nikarudisha. Akasoma uso wa yule dada. "Rudisha tena." Nikarudisha tena. Hakusema kitu, akaokota sindano yake. Shika hapo, msomaji, tutarudi kwa shangazi.

MKEKA WA BABA MTU MZIMA

Usidhani picha nzima ni kimya kimya. Antonioni alikuwa mjanja. Baada ya kukulaza na ukimya, anakupeleka soko la hisa la Roma, na pale ni kelele tupu! Madalali wanapiga mayowe, wanarukiana, wanatupiana karatasi, simu zinalia huku na huku. Mama yake Vittoria naye yumo, anacheza hisa kama vile vijana wa siku hizi wanavyobeti mechi za Ulaya. Mama huyo hana muda na mwanaye. Mtoto anakuja kumweleza kwamba maisha yake yamebadilika, mama macho yako kwenye ubao wa bei.

Kuna tukio moja pale ambalo peke yake linatosha kulipia bando lako. Dalali mmoja amefariki, kwa hiyo inapigwa kengele, wote wasimame kimya kumkumbuka marehemu. Dakika moja. Wanasimama. Lakini simu hazijui msiba, zinaendelea kulia, na hakuna anayeruhusiwa kupokea. Unaona nyuso za watu zinavyoteseka, si kwa ajili ya marehemu, kwa ajili ya simu! Piero anamnong'oneza Vittoria kuwa dakika moja pale ni mabilioni. Dakika ikiisha, mayowe yanaanza upya kana kwamba hakuna aliyekufa.

Binamu wa chuo, ambaye hadi hapo alikuwa na simu yake mkononi anaperuzi TikTok, aliishusha simu chini taratibu. Sikumwambia kitu.

Halafu bei za hisa zinaporomoka. Kilio. Mzee mmoja mnene amepoteza lira milioni 50 kwa siku moja. Kwa lugha ya mtaa, mkeka umechanika. Vittoria anamfuata kwa nyuma barabarani, na sisi tukamfuata, kila mtu ana wasiwasi mzee anakwenda kujiua. Anaingia duka la dawa. "Sumu hiyo!" akasema jirani. Ni dawa ya kutuliza mishipa. Mzee anakaa kwenye mgahawa, anaandika kitu kwenye karatasi. "Wosia huo!" Mzee anaondoka, Vittoria anaiokota karatasi. Amechora maua. Viua vidogo vidogo, kama vya mtoto wa chekechea.

Sebule nzima ilikaa kimya. Picha ya haraka ingemrusha yule mzee kutoka ghorofani, ungesema "duh" na kusahau. Haya maua nimekaa nayo wiki nzima.

KENYA YATOKEA ROMA

Sasa njoo kwenye kiporo kigumu. Sikujua kimo, na ningekuwa najua, sijui kama ningeiweka mbele ya watoto.

Vittoria anaalikwa usiku nyumbani kwa jirani yake anayeitwa Marta. Marta ni mzungu mzaliwa wa Kenya. Sebule yake Roma imejaa Afrika. Kuna picha kubwa za nyika ukutani, bunduki, vitu vya kuwinda, hata mguu wa tembo umegeuzwa fanicha. Wanaweka santuri ya ngoma. Mara Vittoria anatokea amejipaka weusi mwili mzima, mapete shingoni, mkuki mkononi, anacheza anachodhani ni ngoma ya Kiafrika, mpaka juu ya kitanda.

Pale sebuleni kwetu hakuna aliyecheka. Binamu wa kike akauliza, "Ndiyo sisi hao?"

Marta mwenyewe anawaambia waache huo mchezo. Ukadhani anatutetea. Kumbe! Anaanza kusema Waafrika wa Kenya wanataka kuwafukuza wazungu, na neno analowaita ni nyani. Anasema hivyo kwa sauti ya kawaida kabisa, kama mtu anayeeleza bei ya nyanya. Naye Vittoria, msichana wetu mpole tuliyempenda saa nzima, anasema labda huko watu hawahangaiki sana kutafuta furaha, mambo yanajiendea yenyewe.

"Aje ashone sare za shule mwezi wa Januari," alisema shangazi, "aone kama zinajiendea."

Binamu wa chuo alisimama. Alitaka tuzime, na alikuwa na haki yake. Tulibishana robo saa nzima, picha ikiwa imesimamishwa, uso wa Marta kwenye kioo. Yeye akasema mtengeneza picha ametudhalilisha. Mimi nikasema angalia vizuri, hakuna muziki wa kutuambia tucheke, kamera haimpambi mtu. Inamwacha Marta aongee mpaka ajivue nguo mwenyewe. Wanawake wale wamejaza nyumba vitu vya Afrika, na hakuna Mwafrika hata mmoja wa kuwajibu.

Msomaji, pima na tarehe. Picha hii ilitolewa Aprili 1962. Tanganyika ilikuwa imeshapata uhuru tangu Desemba 1961. Kenya hali ya hatari ya miaka ya Mau Mau ilikuwa imeondolewa Januari 1960, na tarehe 12 Desemba 1963 bendera ya Mwingereza ikateremshwa. Kwa maana hiyo, ile hofu ya Marta haikuwa ya kutunga. Wakati anaongea, saa ilikuwa inahesabu. Na aliyecheza kama Marta ni Mirella Ricciardi, ambaye kweli alizaliwa Kenya na kukulia Naivasha, baba yake Mwitalia. Baadaye alipata jina kubwa kwa kupiga picha, na mwaka 1971 akatoa kitabu chake maarufu cha Vanishing Africa. Maneno anayoyasema pale ni ya picha, sisemi ni yake mwenyewe. Ila Antonioni hakuokota mtu barabarani. Alimchukua anayeijua ile nyumba.

Tulipiga kura. Watatu kwa wawili, tuendelee. Binamu alikaa lakini alikunja mikono mpaka mwisho, na mpaka leo msimamo wake ni kwamba uzuri wa picha haulipi tusi. Sijamshinda na sitafuti kumshinda. Ninachosema ni kimoja. Ingekuwa picha ya haraka, tukio lile lingepita kama utani, tungecheka au tungeguna, tukaendelea na mambo mengine. Hii ilituacha tulitazame tusi mpaka tukabishana wenyewe kwa wenyewe.

WAKO WAPI?

Vittoria na Piero wanapendana, kwa namna yao. Wanabusiana kioo kikiwa katikati. Wanatembea katika mtaa wa kisasa wa EUR, majengo makubwa, barabara pana, watu hakuna. Mtaa huo una historia yake. Mussolini ndiye aliyeanza kuujenga kwa ajili ya maonyesho ya dunia ya mwaka 1942, vita ikaingia, maonyesho hayakufanyika kamwe. Yaani hata mtaa wenyewe ulipewa miadi ambayo haikutimia!

Mahali pao pa kukutania ni kona yenye nyumba inayojengwa. Pana pipa la maji, na siku moja Vittoria alitupa kipande cha mti humo ndani. Kumbuka pipa hilo.

Mara ya mwisho wako ofisini kwa Piero. Ametoa mikono yote ya simu ili wasisumbuliwe. Wanacheka, wanaigizana wapenzi wa watu wengine. Wanaahidiana kuonana kesho, na kesho kutwa, na siku zinazofuata, na leo hii usiku saa mbili. Wanakumbatiana, na nyuso zao juu ya mabega zinaogopa. Dada anatoka. Piero anarudisha simu moja moja. Zinaanza kulia. Hapokei.

Halafu ndiyo zile dakika saba. Kona ile ile. Pipa linavuja, maji yanakimbia kwenye mfereji. Yaya anasukuma kigari cha mtoto. Basi linasimama, mtu anashuka anasoma gazeti lenye habari za mashindano ya mabomu ya nyuklia. Kila anayepita, moyo unaruka, ndiye huyu! Siye. Giza linaingia. Watu wanarudi makwao. Taa ya barabarani inawaka, kamera inaisogelea mpaka inajaza kioo chote. Mwisho.

Usisahau miaka yenyewe. Miezi michache baadaye, Oktoba 1962, Marekani na Urusi walikaribia kulipuana kwa ajili ya makombora ya Kuba. Aliyekaa ukumbini wakati ule alikuwa na sababu ya kuogopa kona isiyo na watu.

"Wako wapi?" aliuliza jirani, simu yake imeshajaa asilimia mia na hajagundua.

DJ nilikuwa sina jibu. Hakukuwa na neno hata moja la kutafsiri.

ALICHOSEMA SHANGAZI

Vijana walipokwenda kulala, shangazi alibaki. Ameniruhusu niandike haya, mradi nisitaje jina lake wala la mtu mwingine.

Ndoa yake ilivunjika zamani, mimi nikiwa mdogo. Ninyi mnazijua kesi za ndoa zinavyokwenda. Wazee wanakaa, mkeka unatandikwa, mke anaulizwa, mume anaulizwa. Amekupiga? Hapana. Ana mwanamke nje? Sijasikia. Hakupi matumizi? Ananipa. Sasa kwa nini unataka kuondoka? Shangazi akajibu, "Sijui."

"Mwanangu, nilisema sijui kwa sababu nilikuwa sijui kweli," aliniambia. "Tulikuwa tunazungumza chumvi imeisha, mvua itanyesha, basi. Mwaka mzima. Siku moja nikamwangalia anakula nikaona simjui. Utawaambia nini wazee hapo?"

Wazee wakamwona ana jeuri. Mama mkwe akasema kuna bwana anafichwa. Mtaani wakamtungia mpaka jina la huyo bwana! Na yeye mwenyewe, miaka yote hii, alikuwa anajiuliza kama ana kasoro, maana kila picha aliyowahi kuona, kila tamthilia ya redio, kila wimbo wa taarabu, mtu akiacha ana sababu. Kaibiwa, kasalitiwa, karogwa. Hakuna anayeacha kwa sijui.

"Leo nimemwona mmoja," alisema. "Mzungu, tena mzuri. Anaulizwa, anasema sijui. Na hakuna aliyemtukana."

Akakunja mkeka wake, akaniaga. Hakulia, msidhani hii ni tamthilia. Ila kesho yake nilimsikia anamweleza mteja wake wa magauni habari za mwanamke wa Roma, hatua kwa hatua, na feni akaitaja.

Hapo ndipo nilipoelewa kwa nini mzee Antonioni alikuwa hana haraka. Kama unataka kuonyesha mtu kapigwa kofi, sekunde mbili zinatosha. Kama unataka kuonyesha mapenzi yaliyokwisha bila kofi, utafanyaje? Itabidi umwache mtazamaji akae chumbani na wale watu, asikie feni, achoke, atafute cha kushika, mpaka ule ukimya umuume mwenyewe. Kuboreka kule ndiko picha yenyewe.

UKITAKA KUIJARIBU

Sasa wewe kijana wa mjini utasema nimekuelewa, nianzeje? Haya ndiyo niliyojifunza sebuleni kwetu.

Kwanza, usiiangalie ukiwa umechoka na kazi. Picha za namna hii hazikubali mtu wa kusinzia. Iangalie jioni mapema, tumbo limeshiba, lakini si ubwabwa wa kupindukia.

Pili, simu ziwe mbali. Si kwa ukali, kila mtu aweke ya kwake juu ya kabati. Katika picha ya ngumi ukisoma meseji unakosa ngumi moja. Katika hii ukisoma meseji unakosa mtu anageuza uso, na hiyo ndiyo ngumi yenyewe.

Tatu, iangalie na watu, na waache waongee. Wataalamu wa sinema watanipiga mawe, wao wanataka kimya kama kanisani. Lakini mimi bila jirani na wosia wake, bila "imeganda", bila ubishi wa binamu, nisingeona nusu ya niliyoona. Mabanda yetu ya video yalitufundisha kuangalia kwa mdomo. Huo ni utajiri, tusiuonee haya.

Nne, usimdanganye mtu. Usiseme ni picha kali ya mapenzi, mrembo wako akaja na bisi mkononi. Mwambie ukweli. Ni ya taratibu, haina rangi, kuna sehemu itakuudhi kama Mwafrika, na mwisho wake hautakufurahisha. Akikubali kuja kwa masharti hayo, huyo shika sana.

Tano, ikiisha msikimbilie kuwasha kitu kingine. Kaeni dakika tano. Kuna mtu hapo atasema jambo.

Na kama hujui uanzie wapi, anza na hii hii L'Eclisse. Wengi husema uanze na L'Avventura kwa kuwa ilitangulia. Mimi naona hii ina soko la hisa, ina gari la Piero linaloibwa na mlevi na kutumbukia ziwani, maiti ikiwa ndani, na mwenye gari anawaza bodi yake itakavyonyooshwa. Tena ina Kenya ya kubishania. Kwa mtu anayeanza, hapo pana pa kushikia.

Sikwambii uache picha zako za ngumi. Mimi mwenyewe sijaacha, na steringi wangu wa siku zote bado hafi. Lakini maishani humu, msomaji wangu, umeshawahi kumsubiri mtu saa mbili usiku pale pale mlipokubaliana, ukatazama kila anayeshuka kwenye daladala, na hakuwa yeye? Kama umewahi, basi picha hii unaijua tayari. Imebaki kukaa tu uiangalie.

Tukutane wiki ijayo, panapo majaliwa.